Nguo Hupokewa kwa Mwosha

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu ipo moja ambayo nikiikumbuka sikio langu la kushoto huanza kuwaka moto, maana ndilo bibi yangu alilolishika. Nilikuwa kijana wa kunyoa ndevu zisizokuwapo, hapa hapa Palma, wakati wa vita vile vya zamani, si hivi mlivyoviona nyinyi. Fundi cherehani wetu, Mzee Selemani, alikuwa amepotea kwenye njia ya Awasse. Alikwenda kutafuta vitambaa. Gari alilopanda lilikutwa limechomwa, yeye hakukutwa. Siku zikapita, na majirani wakaanza kumwita marehemu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mchuzi wa jikoni kwa mwenzake.

Ni lazima ujue kwamba ukoo wetu na ukoo wa Mzee Selemani ni watani tangu mababu. Nyinyi wa leo utani mnaujua wa kutukanana njiani tu. Utani wenyewe ulikuwa msibani. Maiti akishazikwa, mtani huvaa nguo zake, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akawagombeza wajane kwa sauti yake, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Shehe wetu hakuupenda mchezo huo, alisema haumo katika dini. Lakini nilimwona kwa macho yangu akiinamisha kofia ili tusijue kuwa anacheka. Na mimi, sijisifu, nasema lililokuwapo, nilikuwa mtani hodari kuliko wote wa rika langu. Nikimtazama mtu mara moja akipita, mwendo wake ulikuwa tayari umo miguuni mwangu.

Basi siku hiyo nikaingia barazani kwa Mzee Selemani, nikalitoa koti lake lililokuwa limetundikwa juu ya cherehani, nikapitisha mkono mmoja. Kabla sijapitisha wa pili, bibi yangu Fatu, aliyenifunza utani wote niujuao, alikuwa amekwisha kunishika sikio.

"Nani kakupa koti hilo?"

"Nimelitoa msumarini, bibi."

"Msumari umekuwa mwosha maiti lini?"

Akaniambia maneno ambayo chuo chochote nilichosoma baadaye hakikuniongezea juu yake. "Nguo ya utani hupokewa kwa mwosha, mjukuu wangu. Akimvua maiti akakupa mkononi, hapo vaa, cheza, tukana ukitaka. Mtu ambaye hajavuliwa usimvae. Utamuua mara ya pili, na ile ya kwanza hujui hata kama alikufa."

Mzee Selemani alirudi kwa miguu, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kulia havipo, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani aliyeligusa koti lake. Aliishi miaka mingi, akashona kwa vidole vilivyobaki, akafa kitandani kwake. Mwosha alinipa koti lile mkononi, nikalivaa kwa haki, na mjane wake alicheka mpaka akaomba maji.

Kutoka hapo nilikwenda mbali, mwanangu, na sikubebwa na mjomba wala na chama. Nilisoma Pemba hii ya kwetu Msumbiji kwa kulala kwenye ghala la chumvi, nikafika Maputo nikaosha magari, nikafagia studio kabla sijaketi kwenye kiti cha studio. Nikawa mtangazaji wa televisheni. Kipindi changu kilikuwa cha jioni, cha kuhoji watu, na yapo majumba ambayo wali uliungua kwa sababu yangu. Wenzangu wengine walikuwa na Kireno kilichonyooka kuliko changu, lakini hawakuwa na bibi kama wangu. Wao walisikiliza maneno ya mgeni. Mimi nilisikiliza mabega yake, namna anavyoficha mikono, namna anavyomeza mate kabla ya kusema uongo. Utani ndio ulionipa ugali.

Halafu ikaja siku waliyonipaka poda usoni kama kawaida, wakaniwekea karatasi mbele yangu, nikakuta ni habari za mji wangu. Nikasoma. Nilitaja mitaa niliyokulia, nikasema imeungua, nikasema watu wamekimbilia porini na baharini, na ile poda haikupasuka. Nilipotoka, mwenzangu mmoja akanipiga begani akasema, "Leo umesoma vizuri kuliko siku zote." Mama mdogo wangu alikuwa porini siku ile, na mimi nilikuwa nimesoma vizuri.

Nikaacha televisheni. Walioniona walidhani nimerukwa na akili, maana aliye juu husubiriwa chini, na huyu anashuka mwenyewe. Nikaingia darasani na vijana wa umri wa wanangu kusomea uongozaji wa filamu, nikatoka na diploma, wa kwanza katika ukoo wetu. Imo ndani ya kioo ukutani kwangu; ukija nitakuonyesha. Nilijiambia kwamba mtangazaji ana uso mmoja tu wa kuonyesha, nao ni wake, na mimi nimechoka na wangu. Mwongozaji huazima nyuso za watu. Hilo ni jambo zito zaidi, kwa sababu nguo ya kuazima, kama walivyosema wahenga, haisitiri matako.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya watu waliorudi. Tulipiga picha Quitunda, kile kijiji cha nyumba za matofali walichojengewa waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, na mhusika wangu mkuu alikuwa Bi Zuhura, mtu wa ukoo ule ule wa Mzee Selemani. Alikuwa na mwana mmoja, Abdala, fundi umeme. Siku mji uliposhambuliwa, Abdala alimtoa mama yake na mkewe Amina, akawafikisha kichakani. Huko mama akakumbuka kwamba dawa zake za presha zimebaki nyumbani. Abdala akarudi kuzichukua. Hakuonekana tena, wala yeye wala mwili wake, wala mtu aliyesema nilimwona.

Waliotoa fedha za filamu walitaka iishe kwa mazishi. Filamu ya vita isiyo na kaburi, walisema, mtazamaji hatajua kuwa imekwisha. Mimi nilikuwa nalizungushazungusha jambo hilo kichwani, sijui nitawajibu nini, ndipo Bi Zuhura mwenyewe akaja mahali tulipokuwa tumesimamisha kamera, amebeba shati la kijani lililokunjwa.

"Saidi," akaniambia, "wewe ni mtani wetu, au siku hizi ni mtani wa wazungu wenye mashine?"

"Ni mtani wenu, mama. Sura hii mbaya wazungu wangeitaka ya nini?"

Hakucheka. "Basi mvae mwanangu. Watu waseme, wamalize. Tusome hitima nilale. Kila siku naipakua sahani yake, na kila siku naila mimi. Nimenenepa kwa chakula cha mtu aliyepotea."

Mpiga picha wangu akanitazama kwa macho yanayong'aa, maana alikwisha kuiona picha. Na mimi niliiona, sikufichi. Nilijua mwendo wa Abdala. Alitembea bega la kushoto limetangulia, kwa kuzoea kubeba ngazi, na kila alipofika kwake alipiga mwimo wa mlango kwa kiganja mara mbili akasema, "Hodi ya mwenyewe." Ningeweza kumleta pale mbele ya kamera mpaka mbwa wake angekuja kuninusa.

Amina alitokea mashambani, jembe bado lipo begani. Sijui nani alimwendea mbio kumwambia. Alisimama kati yangu na shati.

"Mtani, ukilivaa hilo mimi kesho nimo edani."

"Ni filamu tu, Amina."

"Wataiona wangapi hiyo filamu?"

"Wengi, inshallah."

"Basi nitakuwa mjane wa wengi."

Bi Zuhura akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wewe mke utapata mume mwingine."

"Mama," Amina akamjibu, na hakupandisha sauti, "lisemwalo lipo, kama halipo laja. Usiliseme. Alikwenda kuchukua dawa tu."

Bi Zuhura akakaa chini pale pale mchangani. Ndipo nilipofahamu kilichokuwa kinamla. Aliyemtuma ni yeye. Kama Abdala amekufa, basi mama anaweza kutubu, akalia, akasamehewa. Kama hajafa na hajarudi, kila siku anamtuma upya. Na kwa Amina ilikuwa kinyume chake: maadamu hapana aliyesema amekufa, bado anaye mume, na nyumba ina mwenyewe. Shati lile lilikuwa mbele yangu, na nikilivaa mmoja wao atapumua na mwingine atakatwa pumzi.

Sikio la kushoto likaanza kuwaka.

"Mama," nikasema, "nani kakupa shati hili?"

"Nimelitoa sandukuni."

"Sanduku si mwosha, mama. Mimi siwezi."

"Fatu tulimzika," akasema, "kumbe kinywa chake ulibaki nacho wewe."

Kisha akanyanyuka, akalikunjua shati, akalivaa yeye juu ya kapulana yake, kanga ya huku kwetu, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Mimi nilimvalisha kabla hajajua kuvaa. Nani atanikataza?" Amina hakumkataza. Hakuna mila inayomzuia mama asivae nguo ya mwanawe, awe hai au awe vipi. Akaanza kutembea kuelekea nyumbani, na kamera ilikuwa inaendelea. Bega la kushoto likatangulia. Nyonga yake mbovu, aliyokuwa akiishika kwa mkono tangu siku za kichakani, akaisahau. Akafika mlangoni, akapiga mwimo mara mbili, akasema kwa sauti ya mwanawe, "Hodi ya mwenyewe." Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele waliacha nyungo zao.

Kisha akaingia, na alipoingia akainama.

Jambo hili nikueleze, kwa sababu mgeni hawezi kulijua. Nyumba ya zamani ya Bi Zuhura, kabla ya kuhamishwa, ilikuwa ya makuti, mlango wake mfupi, na alikuwa ameinama pale maisha yake yote. Milango ya Quitunda ni mirefu. Twiga mdogo angepita. Lakini Bi Zuhura aliendelea kuinama kila aingiapo, na watoto wa jirani walimcheka. Abdala hakuinama kwenye milango hiyo hata siku moja. Kwa hiyo aliyepiga hodi alikuwa Abdala, na aliyeingia alikuwa mama yake.

Wakati wa kuhariri, mhariri wangu alitaka tukate pale kiganja kinapogonga mara ya pili. Alisema ndipo penye utamu. Nikamwambia hapana, acha ainame. Ukikata mapema, aliyeingia ndani ni mzuka wa kijana aliyekufa, na mimi nimekwisha kumtangaza. Ukiacha, ni mama aliyevaa shati la mwanawe, basi. Tuligombana juu ya kuinama kule, na wenye fedha walinuna. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji, nikaiacha. Filamu imezunguka miji mikubwa, watu wameipigia makofi wamesimama, na tuzo yangu iko rafuni chini ya diploma. Kabla ya kuitoa filamu hiyo nilimwonyesha Amina kwanza. Alipoona mama mkwe wake anainama, alitikisa kichwa kukubali. Bi Zuhura alipojiona, alisema tu, "Kumbe nimezeeka hivi na hamniambii."

Hakulivua tena shati lile ila kwa kulifua. Alikufa nalo, kipindi cha mvua, asubuhi, akiwa ameketi karibu na sufuria. Presha. Dawa hazikupatikana, nazo ndizo zilizomchukua mwanawe.

Tulimzika adhuhuri. Tuliporudi, mkuu wa waosha, mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumsikia akitania, alitoka mlangoni na shati la kijani, akanitia mkononi. Nikatazama uani, kila mtu amelikazia macho shati. Walikuwa wanajua, na Amina alikuwa anajua, ameegemea ukuta mkono uko mdomoni: nguo imepokewa kwa mwosha, mtani ana haki ya kuivaa. Lakini nguo ni ya nani? Nikitembea bega la kushoto likitangulia, Abdala amezikwa leo pamoja na mamake, na hapana atakayeweza kumfukua.

Nikalivaa. Mwanangu, nimewahoji mawaziri na mabondia, kazi nzito kama ile sijapata kuifanya. Nikaishika nyonga. Nikatembea mwendo wa mama mnene anayelalamika, nikawagombeza wapishi kwamba wali wa msibani mwangu hauna chumvi, nikamuuliza shehe kama amekuja kwa dua au kwa nyama. Kicheko kikaanza kwa mbali. Nikafika mlangoni. Mikono yote miwili niliiacha kiunoni, mwimo sikuugusa. Nikainama sana, kama mtu anayepita chini ya makuti, nikaingia. Nje walipasuka kwa kicheko na kilio pamoja, na sauti ya Amina niliisikia humo. Tangu wakimbie sikuwahi kumsikia akicheka.

Kwa mila, nguo ile ikawa yangu. Nikaifua mwenyewe, nikaipiga pasi, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa Amina. Nguo ya mtu ambaye hajavuliwa hukaa kwake.

Sasa naja kwako, kijana wangu. Jina sitalitaja, unajijua. Ulikuwa uani siku ile na simu yako juu. Sikukugombeza kwa kupiga picha, mimi ni nani? Lakini ulipokwenda kuituma, uliona ni ndefu, ukaikata. Ukaacha mgongo wangu ndani ya shati la kijani, watu wakilia. Ukakata kabla sijainama. Juu yake ukaandika kwamba Abdala na mamake wamepumzika. Hukuwa na nia mbaya, nimekwisha kuuliza. Uliona ndipo penye utamu, kama yule mhariri wangu.

Picha ile ilivuka Ruvuma kabla jua halijatua. Baada ya siku chache wakaja watu wa Mtwara, jamaa wa Abdala upande wa baba, wazee kwa vijana, wameshuka kwenye boti na magunia ya unga, wanaume wamevaa kanzu, wanawake wameanza kulia kutoka barabarani. Walileta na kanga nyeupe kwa ajili ya eda. Nilikuwapo. Walipofika mlangoni, mkubwa wao akainua mikono akasema, "Shemeji, tumekuja kukupa pole ya Abdala."

Amina alikuwa anamenya muhogo. Aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama ile kanga nyeupe. Akanawa mikono, akatandika mkeka, akapuliza moto.

"Karibuni," akasema. "Mwenyewe hayupo. Akirudi nitamwambia mlikuja."

Wakala, wakanawa. Walipoondoka waliiacha ile kanga, hawakujua kuirudisha ni heshima au ni tusi. Amina hajaivaa, hajaitupa. Imekaa kwenye kiti karibu na mlango, na shati liko nyuma ya mlango, na yeye huingia na kutoka katikati yake. Siku hizi akiwa njiani watu humpa njia, kama apewavyo njia mjane. Hakuna aliyemwambia neno. Picha yako ndiyo iliyosema, na kuifuta kwako hakukuifuta, maana ipo katika simu za watu usiowajua.

Basi shika haya ya mzee wako, wewe na wenzako mnaotaka kuwa waongozaji, na ninawaona mko wengi, na mnavyo vipaji. Sikuambii uache kamera. Mimi kamera imenijengea nyumba. Nakuambia kwamba kila uso unaouonyesha umeuazima, na kabla hujauvaa jiulize nani kakupa mkononi. Kama ni msumari au sanduku au simu ya rafiki, urudishe. Na ukishapewa kwa haki, ujue kwamba kisu chako cha kukatia picha ni kikali kuliko cha mchinjaji, kwa kuwa mchinjaji huwa ana mnyama mbele yake, na wewe huenda aliye mbele yako yu hai. Mtu akiinama mlangoni, mwache ainame mpaka aingie. Subiri. Utamu wa picha si kitu mbele ya mwanamke mmoja anayesubiri mumewe.

Na leo, kabla ya jua kuzama, nenda Quitunda kwa Amina. Usiende na simu. Usimwombe msamaha kwa maneno mengi, maana ulimi hauna mfupa. Piga hodi, ingia, kaa mkekani, ule atakachokupa, na ukiaga mwambie amsalimie mumewe.

Mola akupe macho yanayoona na mkono unaosubiri. Akupe jina kubwa kuliko langu, ingawa hilo litakuchukua muda. Asikupe kamwe kumzika mtu ambaye mlango wake bado una anayemngojea. Na Abdala, popote alipo, juu ya ardhi au chini yake, Mola amjaalie siku moja apokewe, kwa hodi yake mwenyewe au kwa mikono ya waosha. Amina.